Kapteni Hume na Mpiga Nyatiti

Mwaka 1605 kilichapishwa mjini London kitabu cha muziki cha Kapteni Tobias Hume, mtu ambaye kazi yake ilikuwa uaskari. Ala yake ilikuwa viola da gamba, yenye nyuzi sita za utumbo, ambayo mpigaji huishika katikati ya miguu na kuipiga kwa upinde. Zamani hizo Waingereza walipenda kupiga viola kadhaa pamoja, kila moja ikishika sauti yake kama waimbaji wa kwaya. Hume alidai kwamba viola moja yatosha, nayo yaweza kueleza mambo ya moyo sawasawa na luti, ala ya kukwanyua iliyo jamaa ya udi. John Dowland, bingwa wa luti, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha 1612.

Je, madai ya Hume yana nguvu? Sisi wa Asumbi tunayo mizani yetu ya kuyapimia. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane. Mpigaji huketi juu ya kigoda, huzikwanyua nyuzi kwa mikono miwili, na huku akiimba hugonga mti wa ala yake kwa pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu. Mtu huyo mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma.

Hume naye alitaka ngoma. Katika kipande kimoja aliagiza nyuzi zigongwe kwa mgongo wa upinde. Ni wazo la kijasiri, lakini kwa maoni yangu ngoma hiyo ni pambo tu: hulia kidogo, kisha hunyamaza. Pete ya nyatiti ni nguzo. Iondoe, na wimbo wote utalegea. Hume hushinda penginepo, katika vipande vyake vya polepole. Hapo upinde huivuta sauti na kuikuza, jambo lisilowezekana kwa uzi uliokwanyuliwa, ambao sauti yake hufifia upesi.

Wako wanafunzi wanaoidharau nyatiti kwa kuwa muziki wake haukuandikwa. Karatasi haiongezi utamu wa wimbo hata kidogo. Kazi yake ni kuuhifadhi. Carl Friedrich Abel, mmoja wa mabingwa wa mwisho wa viola, alifariki London mwaka 1787, na baada yake ala hiyo karibu isahaulike. Mwishoni mwa karne ya 19 Arnold Dolmetsch aliifufua kwa msaada wa maandishi ya kale. Hume akasikika tena kwa kuwa aliacha kitabu. Bingwa wa nyatiti huacha mikono ya mwanafunzi wake tu. Asipokuwa na mwanafunzi, huenda na muziki wake kaburini.

Basi, msomaji, ukijua kusoma noti, nenda kaketi karibu na kigoda cha mzee. Jifunze kwanza kwa mikono yako, kisha uandike.