Raga Eldoret: Mchezo Unaotafuta Mtangazaji

Eldoret ni mji wa mbio, na mtu aliyelelewa na mbio ana macho ya aina yake. Anajua nani amechoka kwa kuangalia mabega tu. Anajua pia kwamba aliye mbele yuko mbele, basi. Kipchoge Keino alipomwacha Jim Ryun katika mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, hakuna aliyehitaji kuelezwa kilichotokea. Sasa mtoe mtu huyo kando ya barabara ya mbio, umkalishe kwenye mechi ya raga. Atachanganyikiwa dakika ya kwanza, maana huku anayetaka kwenda mbele lazima arushe mpira nyuma.

Hivyo ndivyo nilivyokaa Jumamosi moja hapa mjini, mara yangu ya kwanza kutazama raga uwanjani, timu za watu kumi na watano kila upande. Mbele yangu alikuwa mama mzee aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Akamgeukia kijana wa karibu.

“Wee kijana, mbona wanarudisha mpira na lango liko kule?”

“Gogo, ndiyo sheria. Mkono hauruhusiwi kutupa mbele. Mguu sawa.”

“Na huyo wamemlalia hivyo, refa haoni?”

“Anaona, Gogo. Hiyo ni halali.”

Kijana huyo ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu. Mtangazaji rasmi tulikuwa naye pia, kwenye spika, akimwaga Kiingereza cha kasi kwa watu ambao tayari wanaujua mchezo. Sauti yake ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kila filimbi ilipolia, sisi wengine tuliangaliana. Kosa ni gani? Nani kapewa mpira? Skramu ikafungwa, watu wanane kwa wanane wameinamiana kama fahali, na spika ikasoma majina tu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, si na mchezo. Mchezo wenyewe ni mtamu ajabu. Una subira ambayo kandanda haina: dakika themanini za kusukumana kwa hatua moja moja, halafu ghafla winga anapata upenyo na mji mzima wa mbio unaelewa, kwa sababu sasa ni mbio. Uwanja wote ulisimama. Lakini kilichoujenga upenyo ule, zile dakika kumi za matope na mabega, kilitupita.

Kandanda haikuja Afrika Mashariki na Kiswahili chake mfukoni. Ilipewa. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alitangaza mpira kwenye redio miaka mingi, na wasikilizaji ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa Nairobi waliona mechi kwa masikio. Pwani, Bara na Tanzania, watangazaji na mashabiki waliokota maneno walikoyapata. Chenga, tobo, kuotea. Mpira ukipitishwa juu ya kichwa cha mtu, amevishwa kanzu. Nani angeyapata hayo kwenye kamusi?

Kuna wanaosema wacha raga ibaki na maneno yake, si hata “goli” na “penalti” tulikopa? Kweli tulikopa. Ila tuliyakopa kwa kuyatamka mbele ya watu, mpaka yakawa yetu. Shujaa walipoicharaza Fiji 30-7 na kutwaa taji la Singapore Aprili 2016, nchi ilishangilia, lakini matangazo yaliyokuja na picha zile yalikuwa ya Kiingereza. Tukabaki na furaha bila maneno yake.

Na maneno yapo, bana. Mtu akiangushwa kwa kukumbatiwa miguu, amepigwa mweleka. Anayemsukuma mkabaji kwa kiganja amempiga kumbo. Kazi ngumu iko kwenye “trai” yenyewe. Magazeti yetu yameizoea, lakini haimwambii mgeni kitu, na ukiitafsiri “jaribio” umempoteza kabisa. Jina hilo la Kiingereza lenyewe ni masalio: zamani kugusisha mpira chini hakukuwa na pointi, kulikupa tu ruhusa ya kujaribu kupiga langoni. Leo ni pointi tano, na mkwaju unaofuata ni mbili.

Mjukuu wa Gogo hakufunga. Mwenzake ndiye aliyejirusha pembeni kabisa, mpira kifuani, watu wawili mgongoni.

“Hiyo ni goli?” Gogo akauliza.

“Si goli, Gogo. Amelaza.”

Amelaza! Mpira umelazwa chini, nyuma ya mstari, na mkono juu yake. Neno moja, na sheria yote imo ndani. Dakika chache baadaye mwingine alipovuka mstari mpira ukamponyoka, na Gogo ndiye aliyetangulia kupiga kelele, “Hajalaza huyo!” Refa akakubaliana naye.

Klabu yoyote yenye spika inaweza kumpa kijana kama yule kipindi cha pili tu, Jumamosi ijayo, tuone.