Hesabu Isiyosikika

Kabla ya kugusa karata, Jaduong' hunawa mikono na kuikausha hadi katikati ya vidole. Karata yenye mafuta hushikamana na mwenzake, na mbili zikipita kama moja, hesabu nzima imekufa. Anafuta meza, anafungua pakiti, anaweka joka mbili kando, kisha anazitandaza zilizobaki kwa kiganja kimoja, uso juu, zikalala safu moja ndefu, kila karata ikiacha ukingo wa upana uleule. Anazipitia kwa macho mara moja tu. "Zimetimia," anasema. Hamsini na mbili.

Ni mzee wa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Miaka mingi ya utu uzima wake aliigawia kasino moja ya Nairobi karata, na sasa amestaafu, anaishi nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa barabara inayokwenda Isebania. Kazi ya mgawaji ilikuwa kugawa, kulipa, kukusanya na kuangalia. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa ufundi ninaouandika hapa, kwa sababu anayetakiwa kumtambua mchezaji anayehesabu karata sharti ajue kuhesabu yeye mwenyewe.

Mchezo ni blakijeki, yaani ishirini na moja. Unashindana na mgawaji kuikaribia 21 bila kuivuka. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 au chini yake lazima aongeze karata, apende asipende. Mchezaji anaweza kusimama popote anapotaka, na akipata esi pamoja na karata ya kumi mwanzoni, hulipwa dau moja na nusu. Karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zichangwe upya. Kwa hiyo kasha la karata linalobaki limejaa kubwa nyingi lampendelea mchezaji, na lililobakiwa na ndogo laipendelea nyumba, yaani kasino. Mwenye kuhesabu haibi karata wala hachungulii. Anakumbuka tu kilichopita mbele ya macho ya watu wote.

Wala hakumbuki karata moja moja, kama wengi tunavyodhani. Jaduong' anazigawa mafungu matatu mezani anionyeshe. Mbili hadi sita, karata ishirini: kila moja ikitoka, hesabu hupanda moja. Saba, nane na tisa, kumi na mbili: hazina uzito. Kumi, jeki, kwini, kingi na esi, ishirini nyingine: kila moja ikitoka, hesabu hushuka moja. Ukianza na sifuri ukamaliza pakiti nzima, lazima urudi kwenye sifuri. Mpango huu aliutoa Harvey Dubner mwaka 1963, na mpaka leo sijaona kifaa chepesi kuliko huo: namba moja tu ya kubeba kichwani, ikipanda na kushuka.

Anaanza polepole kwa ajili yangu. Anafungua karata mbili mbili kwa kidole gumba. Tano na kingi: zimefutana, ni kama hazikutoka. Tatu na sita: mbili juu. Nane na esi: moja juu. Nne na mbili: tatu juu. Ananiomba nitazame midomo yake. Imetulia kabisa. Mwanafunzi hutamka moyoni "tano, jumlisha moja, kingi, toa moja", na kutamka huko ndiko kunakomchelewesha; aliyeiva huiona jozi na maana yake kwa pamoja, kama msomaji anavyoliona neno bila kuziendeleza herufi. Akishaniona nimeelewa anazichanga upya, anachomoa moja bila kuitazama, anaifunika chini ya kikombe, na kuzipitisha zile hamsini na moja. Nusu dakika haikuisha. "Moja juu," anasema. Pakiti nzima ni sifuri, basi iliyofichwa lazima iwe ya kushusha moja, karata kubwa. Anainua kikombe: kwini ya shupaza.

Jicho hilo, anasema, lilianza kunolewa kabla hajaijua karata. Alikuwa mtoto akikaa ubavuni mwa babu yake kwenye mchezo wa ajua, mbegu zikizunguka mashimoni, na babu hakuruhusu mtu kuchokoa shimo kwa kidole ili ahesabu. Uliangalia, ukajua ni ngapi, ukajua ya mwisho itaangukia wapi. Ni elimu ya zamani katika nchi hii. Kule Thimlich Ohinga, kwenye zile boma za mawe yaliyopangwa bila udongo zilizoko kaunti ya Migori na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, wageni huonyeshwa vishimo vya mchezo huo vilivyochongwa mwambani. Tofauti moja inanigusa sana. Kwenye ajua mwenye hesabu kali husogezewa kigoda na watoto huitwa wamtazame. Kwenye kasino mtu yuleyule huombwa atoke.

Kwenye karata, hesabu hiyo ya kupanda na kushuka bado haitoshi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kasha la kasino mara nyingi hubeba pakiti sita, karata 312. Nane juu wakati pakiti nne hazijatoka si sawa na nane juu zikiwa zimebaki mbili. Lazima ugawanye: nane kwa nne ni mbili, nane kwa mbili ni nne. Na huruhusiwi kulishika kasha upime. Unatazama kwa pembe ya jicho rundo la karata zilizotumika, unajua kimo chake ni pakiti ngapi, unatoa katika sita, unagawanya, yote hayo mgawaji akiwa amekwisha kufungua karata inayofuata. Jaduong' amenunua pakiti sita madukani mjini kwa zoezi hili tu. Anazibeba zote, anakata rundo popote, analiweka mezani. "Moja na nusu," anatamka, kisha anazihesabu kwa mkono. Moja na nusu ni karata 78. Zinatoka 80. Mimi ningeridhika. Yeye anakunja uso, anazirudisha, anakata tena, na tena, mpaka kimo cha 78 kimkae machoni.

Faida ya jasho hilo ni ndogo kiasi cha kushangaza. Mchezaji anayecheza kila mkono ipasavyo bila kuhesabu huiachia nyumba takriban nusu ya asilimia. Kila pointi ya hesabu iliyogawanywa humrudishia takriban nusu ya asilimia. Basi pointi moja juu mko sawasawa, na mbili juu umepata shilingi tano katika kila shilingi elfu unayoweka. Shilingi tano! Na hizo ni wastani wa mikono elfu nyingi. Usiku mmoja unaweza kufanya kila kitu sawa ukaondoka mikono mitupu, na usiku wa pili, na wa tatu. Anayeongeza dau kwa hasira amekwisha acha kazi, hata kama bado amekaa kitini. Jaduong' anasema aliwaona wengi wenye akili kali ya hesabu wakianguka hapo, na wachache mno wenye moyo wa kuweka dau dogo saa nzima wakisubiri kasha ligeuke.

Msingi wa ufundi huu uliwekwa na watu wavumilivu wa namna hiyo. Askari wanne wa jeshi la Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walikokotoa namna bora ya kucheza kila mkono kwa mashine za mezani za hesabu, wakachapisha mwaka 1956. Mwanahisabati Edward Thorp akaipeleka kazi yao kwenye kompyuta ya IBM 704 iliyokuwa chuo cha MIT, akaonyesha katika kitabu chake cha 1962 kwamba nyumba inaweza kushindwa. Kasino zikaanza kumtazama kila mtu aliyepandisha dau ghafla.

Hilo ndilo lililozaa timu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchezaji Al Francesco aliigawanya kazi: wengine wakae mezani wakihesabu na kuweka dau dogo lisilobadilika, na mmoja atembee kama tajiri asiye na habari, aitwe pale tu kasha linapoiva. Hapakuwa na dau la kupanda, kwa hiyo hapakuwa na la kushukiwa. Mwaka 1980 Bill Kaplan aliifanya timu ya wanafunzi wa MIT kuwa kampuni kamili, yenye wawekezaji, daftari na mitihani. Hukugusa pesa ya timu kabla ya kufaulu.

Jaduong' ananionyesha kiungo kigumu kuliko vyote, kupokezana hesabu. Mpwa wake, kijana wa chuo, anakaa mezani akihesabu karata ninazofungua mimi. Mzee yuko nje, anamwagilia sukuma wiki. Kasha likiiva kijana anajikuna sikio dirishani. Mzee anaingia akijipangusa mikono. "Mjomba, maziwa bado yapo?" kijana anauliza. "Yapo, nyathina," anajibu, na kuketi. Ninafungua mbili na sita. Neno maziwa lilibeba kumi na moja, na mzee anaendelea palepale, kumi na tatu, bila hata kuuliza nilifika wapi. Nilikuwa nimekaa katikati yao na sikusikia chochote.

Kule kazini alikuwa upande wa pili wa sentensi kama hizo. Mgawaji huona dau likitulia, likitulia, likipanda mara kumi dakika ileile karata zinapoiva. Humwambia msimamizi wa meza, na msimamizi huamuru karata zichangwe mapema, au plastiki ya kukatia isogezwe juu ili nusu ya kasha isichezwe kabisa. Ukichanga mapema, mhesabuji amefanya kazi ya saa nzima na mavuno yamefagiliwa. Ugomvi mkubwa zaidi ulifika mahakamani. Ken Uston, aliyejifunza kwa Francesco, alifukuzwa kwenye kasino ya Resorts International huko Atlantic City. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua kwamba kasino haikuwa na mamlaka ya kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu. Kasino zikajibu kwa kuongeza pakiti na kuchanga mara kwa mara. Huko Nevada hadi leo kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai, lakini mwenye nyumba anaweza kukuonyesha mlango. Kosa, tangu 1985, ni kutumia kifaa. Nao wapelelezi wa kampuni ya Griffin, waliokuwa wakiziuzia kasino picha za wahesabuji tangu 1967, walishtakiwa na wachezaji na kufilisika mwaka 2005.

Nilimuuliza kama aliwahi kumchongea mtu. "Nilisema nilichokiona, ndiyo mshahara wangu," alijibu. "Lakini wapo niliowagawia polepole kidogo, nipate kuwatazama." Ninaamini yuko sahihi kuwaheshimu. Nyumba inayowaalika watu wacheze, kisha ikamtoa yule mmoja anayecheza kwa makini, imekiri yenyewe inauza nini.

Vijana wa Migori humjia wakiwa na simu mkononi, wakitaka awape timu za kubeti Jumamosi, au siri ya mashine za kutia sarafu. Huwaambia ukweli: mashine haikumbuki mzunguko uliopita, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu, na yeye hachezi. Kisha huwasukumia pakiti ya karata mezani. Walio wengi huaga. Mpwa wake ndiye aliyebaki, naye hajawahi kuweka dau popote. Anasema anapenda tu hesabu inavyotulia.

Jioni hiyo walikuwa kwenye zoezi la kelele. Redio imefunguliwa, jirani anapiga soga mlangoni, na mzee anamrushia kijana maswali huku akigawa: nauli ya Rongo ni ngapi, mama yako amerudi Mbita lini, chumvi iko wapi. Kijana anajibu yote na macho hayaachi meza. Pakiti ikaisha, akatamka moja chini. Ilipaswa kuwa sifuri. Mzee hakusema kitu. Akaligeuza rundo la karata zilizotumika, ambalo mgawaji mzuri huliacha katika mpangilio uleule zilivyotoka, na wote wawili wakaanza kuzirudisha nyuma moja moja, wakitafuta. Waliikuta katika mkono wa tisa: mbili ya uru iliyolaliwa nusu na kingi, ikatoka wakati wa swali la chumvi.