Rangi ya Baiskeli, Pwani ya Kiwengwa

Anayeteremka pwani Kiwengwa husalimiwa kwa Kitaliano kabla hajasikia Kiswahili. Wageni wa hoteli za upande huu wa kaskazini mashariki ya Unguja wengi wao hutoka Italia, na wauzaji hawakungoja skuli ya lugha. Nyuma ya hiyo "ciao", kwenye kamba zilizofungwa baina ya minazi, zimetundikwa picha: tembo wa buluu, twiga waliosokotana shingo, Wamasai wembamba wenye mashuka mekundu, majahazi yaliyotweka tanga. Wenyeji wengi huzipita bila kugeuka. Picha za watalii hizo, husema, na si uongo, maana nyingi ni nakala ya nakala. Lakini anayesimama karibu na moja iliyofanywa na fundi hasa huona kazi ambayo si ya mchezo.

Kazi hiyo ina mwanzilishi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam. Duka la vifaa vya wasanii halikuwa la mtu kama yeye. Alichukua hadibodi, zile mbao za kubandika dari, na rangi ya kung'aa iliyokuwa ikipakwa baiskeli na milango. Picha zake nyingi ni za mraba wa futi mbili kwa mbili, na hesabu yake haihitaji mwalimu: hadibodi moja ya futi nne kwa nane hukatwa miraba minane, na hakibaki hata kipande cha kutupa. Aliziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Alichora kwa miaka minne tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Kutoka huko ufundi ulivuka bahari mpaka Mji Mkongwe, Nungwi na Kiwengwa.

Wako wanaosema mtindo huu ni wa kitoto: rangi kavukavu zisizo na kivuli, mistari mikali, nukta kila mahali. Wanaosema hivyo pengine hawajapata kushika kopo la rangi ile. Rangi ya mafuta ya namna hii haikauki kwa maji kuruka; huwa ngumu kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na huanza juu. Ikipakwa nene, uso unashika ngozi huku chini kungali kubichi, kisha ngozi hiyo hukunjamana. Rangi mbili mbichi zikigusana, huingiliana na mpaka wake kupotea. Basi fundi hana hila ila kupaka umbo moja, aliache likauke, ndipo aguse la pili. Ile mipaka safi na zile nukta zinazokaa peke yake ni jibu la mkono kwa tabia ya rangi. Tingatinga aliipata rangi isiyokubali kubembelezwa, akaacha kuibembeleza.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kitambaa cha pamba, kilichoshika nafasi ya hadibodi, huwambwa kwenye fremu ya mbao kwa misumari midogo, kikavutwa mpaka kikipigwa kidole kilie. Hupakwa kwanza rangi ya kuziba nyuzi. Fundi mvivu huiruka hatua hii, na baada ya miaka mafuta yaliyonywewa na pamba huidhoofisha na kuifanya ichanike. Kisha inakuja mandhari ya nyuma, mahali pekee ambapo rangi mbichi huruhusiwa kuchanganyika: manjano chini, chungwa kati, nyekundu juu, zikasuguliwa kwa brashi pana au sponji mpaka isijulikane moja imeishia wapi. Ikikauka, umbo la mnyama huchorwa kwa chaki, maana chaki hufutika bila kuacha alama. Mwili hujazwa. Mwisho ndiyo nukta.

Nukta ndiyo mtihani. Rangi ikiwa nyepesi, hutanda na kuwa doa. Ikiwa nzito, brashi inaponyanyuka huacha mkia. Fundi huijaribu kwanza kwenye kifuniko cha kopo, akaongeza tone la tapentaini, akajaribu tena. Wengine hutumia mafuta ya taa kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini hayo huchelewesha kukauka na huua mng'ao. Kidole kidogo kimeegemezwa penye pakavu, pumzi imezuiwa kidogo, na mgongo wa chui unajaa safu kwa safu. Mwenye mkono mzuri haoneshi alipopumzika.

Kiwengwa huongeza taabu yake. Kaskazi na kusi zote hupiga pwani hii kutoka baharini, na mchanga wake ni laini kama unga. Chembe ikitua juu ya rangi mbichi, haitoki ila kwa msasa na kupaka upya. Ndiyo maana picha huuzwa ufukweni lakini zinafaa kuchorwa ndani zaidi, nyuma ya ukuta wa makuti, kitambaa kikiupa upepo mgongo. Masika yakiingia, unyevu hurefusha ungojaji, na chumvi hula misumari mpaka kutu ikatia madoa pembeni.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una ndugu mtulivu wa kazi hii: kalamu na rangi ya maji juu ya karatasi. John da Silva alijulikana kwa kuchora majumba na milango ya mji huo namna hiyo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la huko la mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, michoro ya watu kama yeye ilipata thamani nyingine. Karatasi huko ina adui mmoja mkubwa, ukungu, na anayeitia kwenye fremu aache nafasi isigusane na kioo.

Kwa picha ya Kiwengwa adui ni haraka ya mnunuzi. Ndege yake ni kesho; anataka ikunjwe sasa hivi. Fundi mwaminifu hubonyeza kwanza kidole gumba pembezoni, na kikiacha alama, humtolea nyingine. Ya kukunjwa huviringishwa juu ya bomba nene, rangi ikitazama nje, kwa kuwa ikigeuzwa ndani hujibana na kupasuka siku ya kufunguliwa. Tena huachiwa ukingo mtupu wa vidole vinne kila upande. Wauzaji wengine huukata wote ili mzigo uwe mwepesi, na mtengeneza fremu wa Milano akakosa pa kushika ila ndani ya picha yenyewe: tembo aliyevuka bahari akiwa mzima hutundikwa ukutani bila ncha ya mkonga.