Bembezi na Wimbo wa Taifa

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuzihesabu bembezi, yaani nyimbo za kubembelezea watoto, kuwa tungo duni za nyumbani. Historia ya Wimbo wa Taifa wa Kenya yaukanusha mtazamo huo. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, akiwamo Mchungaji Thomas Kalume wa Pwani, iliujenga wimbo huo juu ya lahani ya bembezi ya Wapokomo wa Mto Tana, kwa mchango wa mtunzi Meza Galana. Galana hutajwa, na ni haki yake. Lakini akina mama walioihifadhi lahani hiyo vinywani mwao wamefichwa nyuma ya neno "jadi".

Dhima imegeuka: kilichomlaza mtoto sasa chawasimamisha watu wazima. Hata hivyo, ule upole wenye chembe ya huzuni haukufutika. Ndio muhuri wa mama katika kazi ya mwana.

Kipokomo, Kimijikenda na Kiswahili ni ndugu wa kundi la Sabaki. Basi mtafiti akusanyaye bembezi za Kimijikenda huko Mwakirunge, bara ya kaskazini ya Mombasa, hana budi kuandika, kwa idhini yake, jina la mama aimbaye, kabla mwana hajasifiwa peke yake.