Kabla ya doa: meno ya kahawia na hadithi tunazowapa watoto

Jaribu kuhesabu ni mara ngapi umesoma kwamba binti alitabasamu na meno yake meupe yakang'aa kama lulu. Halafu hesabu mara ambazo jambazi, mganga tapeli au baba wa kambo mkorofi alicheka, na meno yakawa ya njano, ya kahawia, au yamebaki mawili tu mbele. Mwandishi hana haja ya kutuambia nani mwema na nani mbaya. Ametuonyesha meno, kazi imekwisha.

Kwa msomaji mtu mzima huo ni uvivu mdogo wa uandishi, tunaupita na kuendelea na ukurasa unaofuata. Shida ni msomaji wa miaka minane, ambaye kesho asubuhi atakaa dawati moja na mwenzake mwenye meno ya kahawia. Yeye haupiti. Anaubeba hadi darasani.

Na wenye meno hayo si wachache. Tukibaki Tanzania tu, nenda Arumeru, nenda vijiji vinavyozunguka mlima Meru, shuka Kilimanjaro, pita Manyara, fika Singida. Ukivuka mpaka, utakuta hayohayo Nakuru na Naivasha. Ni ukanda wa Bonde la Ufa, ardhi ya volkano, ambako maji hupita kwenye miamba yenye floridi nyingi na kutoka nayo. Mtoto anayeyanywa tangu anazaliwa huathirika wakati meno yake ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya fizi. Yakichomoza yana mabaka meupe kama chaki, kisha ya kahawia, na kwa walioathirika sana yana vishimo. Mswaki unakuta kazi imeshamalizika zamani. Unaweza kusugua kwa dawa, kwa mkaa, kwa chumvi, rangi iko palepale, kwa sababu haikupakwa juu ya jino. Imo ndani yake.

Mitaani wanayaita meno ya Arusha, au meno ya kutu. Na shuleni swali ni moja: "Kwani wewe hupigi mswaki?"

Swali hilo ndilo linalonikera kama msomaji, maana ni tafsiri kamili ya mtu, imefanywa na mtoto kwa sekunde moja: una doa, kwa hiyo ni mchafu, kwa hiyo mama yako hakutunzi, kwa hiyo sikai na wewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyo. Waliwaonyesha wanafunzi picha za watoto wenzao, nyingine zikiwa na meno ya mbele yaliyovunjika au kuharibika, wakawaomba wawapime kwa tabia. Wenye meno mabovu walipata alama mbaya zaidi. Hakuna aliyekuwa amewahi kuongea nao. Jino lilitosha.

Sasa mtu atasema watoto ndivyo walivyo, wanachekana tu. Ni kweli wanachekana. Lakini angalia wanavyomcheka mwenye pengo. Mtoto wa darasa la kwanza aking'oka jino anaitwa kibogoyo wiki nzima, na wiki ijayo aliyemwita hivyo naye kang'oka. Pengo ni la zamu, kila mtu anapitia, ndiyo maana utani wake hauumi sana. Doa halina zamu. Na tazama lilivyopangwa: meno ya mbele ya juu ya utu uzima huota kati ya miaka saba na minane, yaani mtoto akiwa ameanza shule juzijuzi. Wenzake wanatoka kwenye upengo kwenda kwenye meno mapya meupe. Yeye meno mapya ndiyo yanamletea jina.

Fasihi yetu inampa nini mtoto huyu? Kwa sehemu kubwa inampa hadithi ya aina moja, na naamini umeshakutana nayo. Kuna mwanafunzi anayechekwa kwa sababu ya kasoro fulani mwilini. Anavumilia. Mwishoni anaokoa wenzake kwenye hatari, au anakuwa wa kwanza katika mtihani wa taifa, na darasa zima linamwomba msamaha. Mwalimu anafunga kwa kusema hujafa hujaumbika.

Nia ni njema, sikatai. Ila hebu tuisome vizuri. Katika hadithi hiyo mtoto analipia meno yake kwa ushujaa. Lazima awe bora kuliko wote ndipo akubaliwe kuwa sawa na wote. Yule wa ishirini na tisa darasani, asiyejua kuogelea wala kuua nyoka, je? Yeye meno yake hayasamehewi? Na ule msemo nao una mtego wake. Unamwambia mchekaji: acha, yasije yakakupata. Unamtisha, haumwelezi kitu. Anayechekwa anabaki kuwa onyo kwa wengine.

Njia ya pili tuliyonayo ni ya Siti binti Saad. Alipotupiwa nyimbo za kejeli juu ya umaskini na sura yake, alijibu kwa wimbo ulioipandisha akili juu ya sura, na mji ukasikia. Ni jibu zuri mno. Lakini Siti alikuwa mtu mzima, mwenye sauti iliyosafiri hadi Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Mtoto wa darasa la pili jibu lake ni kuweka kiganja mdomoni kila anapotaka kucheka, na baada ya muda anaacha kucheka kabisa. Tusimdai wimbo.

Mwandishi ambaye naona alilipatia jambo hili ni Mmarekani Toni Morrison, katika riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ya mwaka 1970. Wengi wanaikumbuka kwa Pecola, msichana anayetamani macho ya buluu. Mimi hunirudisha kwa meno. Pauline, mama yake Pecola, ana mimba, kajitengeneza nywele kama mwigizaji Jean Harlow, yuko sinema anakula peremende, na jino lake la mbele linatoka. Kuanzia hapo anaacha kujipamba. Amekubali kuwa ni mbaya wa sura. Lakini Morrison hakuanzia kwenye peremende. Alikuwa ameshatueleza kwamba kwanza palikuwa na kidoa kidogo, kikala polepole pasipo maumivu, na kwamba hata kabla ya kidoa palikuwa na mazingira yaliyokiruhusu kuwepo.

Humohumo kuna Maureen, mwanafunzi mpya, mrembo, mwenye nguo nzuri, anayependwa na walimu. Claudia na dada yake wanamchunguza mpaka wanampata: ana jino moja la chonge lililokaa vibaya. Furaha yao! Morrison hawalaumu wala hawatetei. Anatuonyesha watoto wanaojua tayari kwamba ulimwengu unapanga watu kwa sura, nao wanatafuta silaha iliyo karibu. Silaha hiyo ni jino.

Hicho ndicho hadithi zetu zinakosa: ile sentensi ya kabla ya doa. Na kwetu sentensi hiyo ina mambo ya kutosha. Kuna mto Maji ya Chai huko Arumeru, ambao rangi yake ndiyo iliyoupa jina, na ambao floridi yake haionekani kwa macho. Kuna magadi, ambayo mama anatia kwenye maharage yaive haraka ili kuni zisiishe, nayo yanaongeza floridi katika chungu. Kuna kituo cha Ngurdoto kilichohangaika kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Kuna serikali ambayo kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 za floridi kwa lita katika maji ya vijijini, baadaye 4, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri 1.5. Hiyo ni riwaya nzima jamani, na bado mtoto anaulizwa habari ya mswaki.

Ningependa kusoma hadithi ya msichana wa Meru anayepelekwa shule ya bweni Morogoro. Nyumbani ana meno kama ya baba yake na ya jirani, na ingawa haina maana kwamba huko hakuna anayejali, walau hakuna anayegeuka kumtazama akicheka. Bwenini usiku wa kwanza mtu anamuuliza lile swali. Nataka mwandishi akae hapo, asikimbilie mtihani wa taifa. Atueleze kuhusu maji. Ampe rafiki mmoja mwenye meno meupe ambaye naye anaogopa kitu kingine. Amwache awe wa ishirini na tisa. Na akitaka kutuletea mtu mwongo humo bwenini, basi ampe meno meupe, yaliyopangika vizuri, yenye mwanya katikati.

Walimu wanaosomea watoto kwa sauti wanaweza kuanza hata kabla ya hadithi hiyo kuandikwa. Mkifika pale mhalifu anapocheka na meno yake machafu yakaonekana, funga kitabu kidogo. Waulize watoto: mwandishi amejuaje kwamba huyu ni mbaya? Majibu yao yatakuonyesha wanavyowatazama wenzao wa dawati la pili.