Wageni wa FESTAC Walilala Wapi?

Watu wakisimulia FESTAC '77 huanza na majina: Miriam Makeba, Stevie Wonder, Gilberto Gil, Sun Ra. Mimi huanza na vitanda. Tamasha lile la pili la sanaa na utamaduni wa watu weusi duniani lilifanyika Nigeria kuanzia Januari 15 hadi Februari 12, 1977, na washiriki walizidi 15,000. Jukwaa huazimwa. Umati kama huo unaulaza wapi?

Dakar ilishakutana na swali hilo mwaka 1966, kwenye tamasha la kwanza. Hoteli hazikutosha, ikaletwa meli ya abiria ya Kisovieti, ikatia nanga bandarini na baadhi ya wageni wakalala humo. Kwa serikali ya Rais Senghor wa Senegal ilikuwa hesabu ya busara: ngoma zikinyamaza, meli inaondoka na vitanda vyake.

Lagos walikuwa na mafuta, tena bei yake ilipaa tangu mwaka 1973. Wakajenga mji mzima kando ya barabara ya Badagry, Festac Town, wenye maelfu ya nyumba. Kazi haikuwa mteremko. Mwaka 1975 bandari ya Lagos ilisongwa na mamia ya meli, nyingi zikiwa na saruji ambayo serikali iliagiza kupita kiasi. Julai mwaka huohuo mkuu wa nchi, Jenerali Gowon, akapinduliwa, na tamasha lililotarajiwa kabla mwaka haujaisha likasogezwa hadi 1977. Kwangu mimi, kuahirishwa huko ndiko kulikowaokoa mafundi.

Kuna kichekesho hapa. Vitu viwili vilivyotambulisha tamasha, vielelezo vyake vya awali vilikuwa kwingine. Ukumbi wa Taifa wa sanaa pale Iganmu, Lagos, uliiga jengo la Varna, Bulgaria. Kinyago cha pembe cha Malkia Idia, nembo ya tamasha, Waingereza walikichukua Benin mwaka 1897. British Museum ikakataa kukiazimisha, ikabidi kichongwe kingine.

Mji wa kulala haukuwa na mbwembwe hizo, lakini waliouchora waliona mbali: badala ya mabweni walijenga nyumba za familia. Wageni walipofungasha, Wanigeria wakahamia. Mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii mwenyeji alipona kwa kukabidhiwa ufunguo. Makondakta wa danfo, daladala za Lagos, bado wanaita abiria wa Festac, na wengi wanaopanda hawakuwa wamezaliwa Makeba alipoimba.