Sekunde 19: Uhakiki wa Filamu "The Real Rocky"

Huenda msomaji akashangaa kuona filamu ya ndondi ikihakikiwa katika kurasa ambazo kwa desturi ni za mashairi na riwaya. Hata hivyo, suala linalozushwa na filamu hii ni letu pia: msanii achotapo kisa katika maisha ya mtu aliye hai, je, mtu huyo anamdai nini?

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Jeff Feuerzeig na kuonyeshwa mwaka 2011, yamhusu Chuck Wepner wa mji wa Bayonne, New Jersey, bondia aliyejikimu kwa kuuza pombe. Tarehe 24 Machi 1975, miezi mitano tu baada ya Muhammad Ali kumwangusha George Foreman mjini Kinshasa, Wepner alipanda ulingoni na bingwa huyo katika jimbo la Ohio. Katika raundi ya 9 Ali akaenda chini (mwenyewe alishikilia kwamba alikanyagwa mguu), akainuka kwa ghadhabu, akamwadhibu mpinzani wake hadi mwamuzi alipolikatiza pambano zikiwa zimesalia sekunde 19 za raundi ya 15, ambayo ndiyo ya mwisho. Sylvester Stallone alilitazama pambano hilo, kisha akaandika mswada wa "Rocky". Sinema ikatoka mwaka 1976, ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mwaka 2003 Wepner alimshtaki Stallone. Walipatana mwaka 2006.

Kwa maoni yangu, jina la filamu ya Feuerzeig ladai mno. Rocky ni kapera mpweke anayemkusanyia madeni mkopeshaji haramu. Wepner alikuwa na mke, kazi na marafiki tele. Zaidi ya hayo, Rocky asimama hadi kengele ya mwisho. Zile sekunde 19 Wepner hakuzipata kamwe. Stallone ndiye aliyezitunga, na ndimo sanaa yake ilimo. Lakini kuikiri sanaa hiyo si kulifuta deni, kwani pasipo zile raundi 15 za damu pasingekuwa na sekunde za kutungia.

Nguvu ya filamu hii imo kinywani mwa Wepner mwenyewe. Ana kisa alichokisimulia kwa miaka mingi: kabla ya pambano alimpa mkewe vazi la kulalia, akamwahidi kwamba usiku ule angelala na bingwa wa dunia, aliporudi uso umeshonwa, mkewe akamuuliza kama aende chumbani kwa Ali au Ali ndiye atakayekuja. Kisa hiki kimelainika kama mpini wa jembe kuukuu. Fanani yeyote wa kwetu angeutambua ufundi wake, na angejua pia kwamba si lazima kila neno liwe lilitamkwa. Feuerzeig haifichi kokeni wala kifungo; natamani tu angemsaili mzee huyu zaidi kuhusu kuishi miaka hiyo yote akiitwa kwa jina la mtu wa kubuni.

Nasi tunaorekodi ngano vijijini, tukazichapa bila jina la aliyezisimulia, tusiwe wepesi wa kumcheka Stallone.

Sanamu ya Rocky, mtu asiyepata kuzaliwa, ilifika Philadelphia miaka ya 1980. Bayonne ilimsimamishia Wepner ya kwake mwaka 2022, naye akiwa na umri wa miaka 83.